Minyoo, aleji na ngozi inayowasha: maswali tunayoulizwa kila wiki Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa anaingia, anakunja mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko, anakuta ngozi safi. "Daktari, alfajiri vilikuwa vimejaa hapa." Kisha anatoa simu atafute picha. Mazungumzo mengi kuhusu aleji hapa Mbeya huanza hivyo, na swali linalofuata ni lilelile: hii si minyoo? Hapa chini nimeyakusanya maswali yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo watu wanayoyakosea.

Vipele vinavimba usiku, asubuhi havipo. Ni ugonjwa gani?

Huenda ni urtikaria, ambayo wengi wetu tunaiita "aleji" basi. Ngozi inavimba mabaka mabaka kama mtu aliyepita kwenye upupu, inawasha vibaya, halafu baka linanywea lenyewe bila kuacha alama. Utasoma sehemu nyingi kwamba mabaka hayo huwa mekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaona uvimbe wa rangi ileile ya ngozi, wakati mwingine umeiva kidogo. Pitisha kiganja, utausikia kabla hujauona.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Chukua kalamu ya wino, lizungushie baka moja duara, andika saa pembeni. Kesho yake saa ileile angalia ndani ya duara. Kama pamekuwa patupu, hata kama mengine yameota mgongoni, hiyo ni urtikaria, maana baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24. Kama bado lipo, linauma kuliko kuwasha, au limeacha weusi kama mtu aliyegongwa, ni jambo jingine na daktari anatakiwa alione.

Ikiisha kabla ya wiki sita tunaiita ya muda mfupi. Ikivuka hapo ni sugu. Mgawanyo huu una maana kubwa, kwa sababu visababishi vyake havifanani.

Minyoo iko tumboni. Inafikaje kwenye ngozi?

Mara nyingi haifiki. Kinachofika ni ugomvi kati yake na kinga ya mwili. Kwenye ngozi kuna seli zinazoitwa masti, zimebeba kemikali ya histamini kama kibuyu kilichojaa. Mwili ukikutana na minyoo hutengeneza kingamwili aina ya IgE, nazo hukaa juu ya seli hizo zikisubiri. Mnyoo ukitoa majimaji yake, au ukifa, kingamwili zinautambua, seli zinamwaga histamini, mishipa midogo ya damu inavuja, ngozi inavimba.

Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika mtu anapovimba kwa penisilini au karanga. Kwa hiyo mtu anayeangalia mabaka yako na kusema papo hapo "hii ni minyoo" anakisia. Baka la minyoo na baka la dawa yanafanana kama mapacha.

Ni minyoo gani hasa inayoleta shida hii huku kwetu?

Inategemea unaishi mwinuko gani. Panda Kosta Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, shuka kupitia Tukuyu hadi Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita kama 500. Unaondoka na sweta, unafika umelifunga kiunoni. Minyoo nayo inabadilika njiani.

Huku juu kwenye baridi, minyoo mviringo, ile mirefu kama mnyoo wa ardhini, huvumilia. Mayai yake yana ganda gumu na yanaweza kukaa kwenye udongo wenye unyevu kwa miaka. Mboga iliyowekewa mbolea ya kinyesi, mtoto aliyechezea udongo wa bustanini, basi. Yai likimezwa, kiluwiluwi kinatoboa utumbo, kinapita kwenye ini, kinaingia kwenye mapafu, kinakoholewa na kumezwa tena. Kipindi cha mapafuni ndicho kinacholeta kikohozi kikavu, kubana kifua na mara nyingine urtikaria. Hapo ndipo pana mtego: jike huanza kutaga baada ya miezi miwili au mitatu. Mgonjwa anapowashwa zaidi, kipimo cha choo kinaweza kuonyesha hakuna kitu.

Ukishuka Kyela, au mabondeni kwenye joto na kichanga chenye unyevu, unakutana zaidi na safura. Huyu anaingia kupitia nyayo za mtu anayetembea peku. Dalili ya kwanza ni muwasho mkali katikati ya vidole vya miguu, na wengi hudhani ni fangasi.

Kwenye maji kuna kichocho. Majaruba ya mpunga, mifereji, kingo za ziwa zenye majani na konokono. Vimelea vikipenya ngozi, mtu anaweza kuwashwa siku ileile. Baada ya wiki mbili hadi nane wengine hupata homa, kikohozi, kuharisha na urtikaria ya mwili mzima. Hali hiyo huwapata zaidi wageni, watu ambao miili yao haijawahi kukutana na kichocho: mtumishi aliyehamishiwa Kyela kutoka Makete, wanafunzi walioenda Matema kuogelea. Mwenyeji aliyekulia ziwani huwa hapati ghasia hiyo, yeye anakuja kuona damu kwenye mkojo. Na hapa mtego ni uleule, homa na mabaka hutangulia mayai.

Wa mwisho ni strongiloidi, mdogo na hasemwi sana. Ndiye ninayemwogopa kuliko wote, nitamrudia kwenye swali la sindano.

Ukiacha minyoo, kuna giadia, kimelea cha maji machafu kinacholeta kuharisha kwa harufu mbaya na gesi. Nacho kimehusishwa na urtikaria, na dawa yake kwa kawaida ni nyingine, si kile kidonge kimoja cha minyoo.

Mbona kijijini karibu kila mtu ana minyoo na hawawashwi?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu. Minyoo iliyokaa mwilini muda mrefu hujifunza kuishi na mwenyeji wake. Inatuliza kinga ya mwili ili isifukuzwe, na utulivu huo unaweza kugusa hata aleji nyingine. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wenye kichocho walikuwa na mwitiko mdogo wa ngozi walipopimwa aleji ya wadudu wadogo sana wa vumbi la nyumbani kuliko wasio nacho.

Kwa hiyo minyoo mipya, au minyoo inayosafiri mwilini, au inayokufa, ndiyo yenye kelele. Ile ya zamani iliyotulia utumboni huendelea na maisha yake kimya kimya. Kumkuta mtu wa Rungwe na mayai ya minyoo kwenye choo hakuthibitishi kwamba minyoo hiyo ndiyo inayomwasha. Inatibiwa kwa sababu haifai kukaa tumboni, kisha tunaangalia kama ngozi itatulia.

Nimemeza dawa ya minyoo mara tatu mwaka huu, bado nawashwa. Niongeze dozi?

Hapana. Kwanza jiulize umemeza dawa gani. Kidonge kimoja cha albendazoli miligramu 400 kinaiweza minyoo mviringo, na kwa safura kinafanya kazi nzuri. Hakitibu kichocho, hicho kinataka prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito au urefu wa mgonjwa. Strongiloidi haondoki kwa dozi moja ya albendazoli, dawa inayomfaa zaidi ni ivermektini. Unaweza kumeza kidonge cha duka la dawa kila mwezi na mhusika akaendelea kula pensheni tumboni.

Pili, na hili ndilo wengi hawapendi kulisikia: inawezekana kabisa si minyoo. Urtikaria ya muda mfupi, hasa kwa watoto, mara nyingi hufuata mafua au maambukizi mengine ya virusi. Kwa watu wazima dawa za maumivu, hasa diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zina kesi nyingi. Ile sugu kwa wengi inatokana na kinga ya mwili kujichanganya yenyewe. Wanasayansi waliokusanya tafiti nyingi za wagonjwa wa urtikaria sugu wenye vimelea waliona kuwa waliopata nafuu baada ya kutibiwa vimelea ni wachache kuliko ambao hawakupata. Nafuu ipo, ila haiji kwa kila mtu.

Nipime nini basi?

Choo kikubwa, na kisiwe cha siku moja tu. Minyoo haitagi sawasawa kila siku, kwa hiyo sampuli tatu za siku tofauti zinakamata zaidi kuliko moja. Usilete choo cha jana usiku kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka. Omba kikopo maabara, lete choo kikiwa kibichi. Mkojo kama umewahi kuingia ziwani au kwenye jaruba, na ni vizuri ukaukusanya mchana kati ya saa nne na saa nane, muda ambao mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi.

Omba pia picha kamili ya damu, ile FBP. Ndani yake kuna chembe nyeupe aina ya eosinofili. Zikipanda sana, wakati choo ni safi, ndipo ninapoanza kuuliza: ulienda wapi miezi miwili iliyopita? Ulitembea peku? Una kikohozi? Maswali hayo matatu yamenisaidia kuliko mashine nyingi.

Bibi anasema mtoto ana mchango. Ni kitu kimoja?

Neno mchango linabeba mengi: tumbo kujaa, kusaga meno usiku, kukonda, hata upele. Bibi hajakosea kushuku tumbo. Ila kusaga meno si kipimo cha minyoo. Muulize kama mtoto anajikuna sehemu ya haja kubwa usiku, maana hiyo ni dalili ya kweli ya minyoo midogo kama uzi mweupe, na nyumba nzima itibiwe siku moja, kisha irudie baada ya wiki mbili.

Mtoto alipewa kingatiba shuleni, akarudi amevimba vipele. Dawa imemdhuru?

Mara nyingi ni minyoo inayokufa. Inapopasuka inamwaga vitu vyake kwa mkupuo na kinga ya mwili inashtuka. Muwasho, maumivu kidogo ya tumbo na kichwa kuuma kwa siku moja au mbili hutokea, hasa baada ya prazikwanteli kwa mtoto mwenye kichocho kingi. Mpe dawa ya aleji inayolingana na umri wake, mwache anywe maji, apumzike. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, hilo si la kusubiri.

Usimfiche mtoto siku ya kingatiba mwakani kwa sababu hiyo. Ajitahidi kula kabla ya kumeza, ni hivyo tu.

Kwetu Tukuyu tunagawiwa dawa ya usubi. Usubi unahusiana na ngozi?

Sana. Rungwe na maeneo ya jirani ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazojulikana kwa usubi. Nzi wadogo weusi huzaliana kwenye mito yenye kasi, na milima ya huku haina upungufu wa mito ya namna hiyo. Minyoo mikubwa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi, viluwiluwi vyake husambaa mwilini. Muwasho wake hauji na kuondoka kama urtikaria. Upo mchana, upo usiku, kwa miaka, hadi ngozi inakuwa nene na kukunjamana. Wazee wengine mbele ya miguu, kwenye muundi, hubaki na madoa meupe kama ngozi ya chui. Ukifika kwenye macho unapofusha.

Ivermektini inayogawiwa huua viluwiluwi, haiui minyoo mikubwa, ndiyo maana inarudiwa mwaka hadi mwaka. Yule mgawa dawa anayekusimamisha kwenye fimbo ya kupimia urefu hafanyi mchezo, dozi inatokana na alama unayofikia. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, mjamzito hapewi, na mama aliyejifungua ndani ya wiki moja anasubiri. Kuwashwa na kuvimba kidogo baada ya dawa kunaonyesha viluwiluwi vinakufa.

Familia nzima tunajikuna usiku. Hiyo ni aleji ya ukoo?

Hiyo ni upele, ule wa wadudu wanaochimba ngozi, hadi ithibitike vinginevyo. Angalia katikati ya vidole vya mikono, viganja vya mtoto mchanga, kiunoni, sehemu za siri. Vipele havipotei asubuhi. Baridi ya Juni na Julai, watoto wanne ndani ya blanketi moja, na bweni la shule lenye vitanda vilivyobanana, ndiyo furaha ya mdudu huyu. Kwa anayempata mara ya kwanza muwasho huchelewa wiki nne hadi sita, kwa hiyo aliyeleta upele nyumbani anaweza kuwa ameshasafiri.

Dawa ya kupaka ya BBE ni ya bei nafuu na inafanya kazi, lakini wote mpakwe siku moja, hata asiyewashwa, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Dawa akipaka mgonjwa peke yake, mwezi ujao mtarudi.

Duka la dawa walinichoma sindano ya aleji, nikapona siku tatu, ikarudi. Nikachome tena?

Tafadhali usichome. Sindano nyingi za namna hiyo ni steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili, kama deksamethasoni. Zinazima moto haraka na mtu anazipenda kwa sababu hiyo. Daktari anaweza kuzitumia kwa siku chache pale inapobidi, lakini kurudia rudia bila vipimo kuna hatari moja ambayo watu hawaambiwi.

Nilisema nitamrudia strongiloidi. Mnyoo huyu, tofauti na wengine, anaweza kuzaana na kuambukiza upya ndani ya mtu yuleyule, kwa hiyo anakaa miongo bila wewe kujua. Dalili yake ya ngozi ni ya ajabu: mstari unaovimba na kuwasha matakoni, mapajani au tumboni, unaosogea sentimita kadhaa kwa saa. Unauona saa mbili usiku uko hapa, ukiangalia saa nne umehama. Sasa mpe mtu huyu steroidi kwa muda. Kinga inalala, minyoo inazaana bila breki, inatoboa utumbo ikibeba bakteria hadi kwenye damu na mapafu. Watu hufa kwa hali hiyo. Mtu mwenye eosinofili nyingi, aliyewahi kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu, atibiwe kwanza.

Krimu za mchanganyiko nazo, zile za "kila ugonjwa", na mkorogo wa kung'arishia uso, nyingi zina steroidi ndani. Zikipakwa juu ya mashilingi, yale mabaka ya mviringo ya fangasi, zinayaficha, huku fangasi akitanuka.

Nikila kitimoto navimba. Ni tegu?

Kama unavimba ndani ya saa chache kila ukila nguruwe, hiyo huenda ni aleji ya chakula chenyewe, au ya kilichoungwa ndani yake. Tegu mara chache huleta urtikaria. Shida yake nyingine ni kubwa zaidi. Nyama yenye punje nyeupe kama mchele isiyoiva inakupa tegu tumboni. Mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu yakimezwa na mtu, yanakwenda kutengeneza vifuko mwilini: chini ya ngozi vinaonekana kama vinundu vigumu visivyouma, kwenye ubongo vinaleta kifafa. Kwa hiyo mtu mwenye vinundu na aliyewahi kuanguka kifafa asimeze dawa za minyoo kiholela, kwa sababu vifuko vikifa vikiwa kichwani vinaweza kuamsha degedege. Aanze hospitali.

Mstari umetokea mguuni unatembea taratibu kama nyoka. Ndiyo huyo strongiloidi?

Ukisogea polepole, milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa siku, huyo kwa kawaida ni safura wa mbwa au paka aliyepotea njia kwenye ngozi yako. Hawezi kwenda mbali. Ivermektini au albendazoli kwa siku chache inammaliza. Usimchome na sindano ya moto, mstari unaouona ni alikopita, yeye ameshatangulia.

Vipi funza?

Funza anakaa palepale alipoingia, kwenye kidole au kisigino, na anaonekana kama punje yenye doa jeusi katikati. Hasababishi urtikaria. Pini isiyo safi inayotumika kumtolea inaweza kuleta pepopunda.

Nina mimba ya miezi miwili na nawashwa. Nimeze dawa ya minyoo?

Subiri miezi mitatu ya kwanza ipite, kisha kliniki ya wajawazito watakupa. Kwa muwasho waeleze hapohapo kliniki, zipo dawa za aleji wanazoweza kukuchagulia.

Mwezi wa sita kila nikinawa maji ya bomba Iringa, mikono inavimba. Minyoo tena?

Hiyo ni baridi. Weka kipande cha barafu ndani ya mfuko wa nailoni, kishike mkononi dakika tano, kiondoe, subiri dakika kumi. Baka likiinuka lenye umbo la barafu, jibu unalo. Vaa glavu, nawa maji ya uvuguvugu, na usijirushe kwenye maji ya mto au ziwa ghafla: mwili mzima ukipoa kwa mara moja, presha inaweza kushuka ukiwa majini.

Ni wakati gani wa kukimbia hospitali?

Ulimi au midomo ikivimba, sauti ikikauka, kifua kikibana, kizunguzungu, kutapika mfululizo pamoja na mabaka. Usianze na maziwa wala mkaa. Unahitaji adrenalini ya sindano pajani, na dakika ni chache. Kama ni usiku na bodaboda ndiyo iliyopo, panda bodaboda, mtu mwingine akukalie nyuma.

Vipimo vyote safi, na huu ni mwezi wa tano tangu nianze, bado nawashwa. Nifanyeje?

Dawa ya aleji isiyolaza sana, kama setirizini au loratadini, unywe kila siku hata siku usiyowashwa, badala ya kusubiri mabaka. Isipotosha, daktari anaweza kuipandisha hatua kwa hatua, hadi mara nne ya dozi ya kawaida, usijipandishie mwenyewe. Aangalie na tezi la shingo. Kwa wengi hali hii huisha yenyewe, ingawa huchukua mwaka mmoja hadi mitano.

Na uwe na daftari. Nilimpa kazi hiyo fundi mmoja wa Mafinga, mpakia mbao, aliyekuwa ameshameza dawa za minyoo mara nne na kuacha kula samaki, mayai na maharage. Alirudi baada ya wiki tano na daftari la shule lenye mafuta ya msumeno kwenye jalada. Mabaka yote yalikuwa Jumapili. Nikamuuliza Jumamosi anafanya nini. "Tunapakia lori, mgongo unakataa, nameza diklo mbili nilale." Samaki amerudia kumla.